Fungu la Yatima Katika Mkondo wa Pemba



Kila turudipo Pwani kwa likizo, kina mama wa mtaani hutuuliza mambo mawili juu ya Kakamega: je, Waislamu wapo, na je, samaki wapo? Waislamu wapo, na wapo zamani. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilifika nchi ya Wanga katika karne ya kumi na tisa, na Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949 akiwa mkongwe, aliwapa wageni hao makao. Mji ukachukua jina lake. Leo utamkuta Mumias mzee wa Kiwanga anayekuamkia kwa Kiswahili chenye ladha ya Mombasa, ladha aliyoirithi kwa babu asiyepata kumwona. Ama samaki, wengi hutoka Kisumu, safari ya kilomita 50 hivi kutoka mji wa Kakamega: mbuta, ngege, na omena wanaouzwa kwa mkebe sokoni. Mto Nzoia nao humpa kambare mwenye subira. Nguru na jodari huko ni majina tu.

Tumesomesha madrasa upande huo kwa miaka 16, na miongoni mwa wanafunzi wetu walikuwamo ndugu wawili, mvulana wa miaka 14 na dadake wa miaka 11, ambao baba yao alikuwa Mvumba wa kisiwa cha Wasini. Alikwenda bara kufanya biashara, akaoa Mumias, akafia na kuzikwa huko huko miaka minne iliyopita. Mjane wake alijua kwamba marehemu na mdogo wake walinunua boti kwa shirika, nusu kwa nusu. Alilojua lilikomea hapo. Kila Ramadhani shemeji yake alimpelekea fedha za futari na nguo za Idi, naye alizipokea kwa shukrani pasi na kufahamu kama ni sadaka au ni haki. Majirani hawakosi maneno. Wengine walimwambia auze fungu hilo mara moja. Wengine wakasema mali iliyo pwani imekwisha kuliwa, asijisumbue. Shemeji mwenyewe ndiye aliyetuma ujumbe mwezi wa Novemba: shule zikifungwa, walete watoto waione mali yao, na bibi yao awaone kabla hajaitwa na Mola wake. Mjane akatuomba tufuatane nao, sisi na mke wetu, tuwe mashahidi.

Kutoka Kakamega mpaka Shimoni ni zaidi ya kilomita 800. Ni basi la usiku mpaka Nairobi, gari la moshi mpaka Mombasa, feri ya Likoni, kisha matatu kupitia Ukunda na Msambweni. Hatutawachosha kwa habari za njiani, ila tutasema kwamba pale Likoni, feri ilipong'oka gatini, yule binti alimshika mama yake mkono akauliza kama nchi ndiyo inayokwenda au wao. Shimoni tulivushwa kwa mashua ndogo hadi kisiwani.

Wasini ni kisiwa chembamba kisicho na gari hata moja. Maji ya kunywa tangu kale ni ya mvua, yakikingwa na kuwekwa akiba, kwa hiyo mgeni hutia udhu kwa adabu. Upande mmoja upo uwanda wa mawe ya matumbawe uliojitokeza juu ya nchi, na wanawake wa kisiwa wamejenga daraja la mbao linalopita juu yake na katikati ya mikoko. Mgeni hulipa kiingilio na fedha huwafaa wenyewe. Mke wetu alilipita mara mbili. Bibi wa watoto tulimkuta kibarazani, macho yamefifia. Aliwapapasa nyuso zao, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema pua ya mvulana ni ya marehemu, na akataka waletewe uji wa mchele kwa sababu wamekonda.

Sasa tuje kwenye boti. Ami yao hapeleki samaki sokoni. Huchukua watalii wanaovua kwa ajili ya mchezo. Wapo wanaokodi siku nzima, na wapo wanaokodi nusu siku, tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na kwa hiyo nusu siku watalii hulipa fedha ambazo mwalimu wa madrasa huzitafuta kwa miezi. Disemba ni msimu wenyewe: kaskazi imeingia, bahari imetulia kuliko wakati wa kusi, na samaki wakubwa hupita katika mkondo ulio kati ya pwani ya Kenya na kisiwa cha Pemba, ambako kina hushuka ghafla kufikia mamia ya mita. Kuacha siku moja ya Disemba bila mteja si jambo dogo. Tulimwambia hivyo. Akajibu, "Maalim, wateja watakuja kesho. Wana wa kaka yangu nimewangoja miaka minne."

Baada ya swala ya alfajiri tulishuka ufukweni. Mjane alisimama mchangani, viatu mkononi, akasema atabaki na mkwewe. Maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ya Nzoia ikifurika, na Nzoia ikifurika huondoka na watu. Hatukumlaumu wala hatukumhimiza. Hofu ya mama kwa mayatima wake si ya kuchekwa. Wifi yake, mama wa makamo aliyezaliwa hapo hapo, aliingia majini mpaka magotini, akapanda botini, akageuka na kumnyoshea mkono bila kusema lolote. Mjane akaupokea.

Kwa faida ya kina mama watakaotaka safari kama hiyo: jaketi okozi huvaliwa juu ya buibui, si ndani yake, na hufungwa kamba zote hata kama jua ni kali. Mikono mipana ikunjwe na kubanwa, maana mshipi unaokwenda kwa kasi hunasa kitambaa. Suruali ndani ya vazi huhifadhi stara wakati wa kupanda na kushuka. Tangawizi itafunwe kabla ya kichefuchefu, si baada yake. Mjane alitafuna baada yake.

Tulipita pembezoni mwa Kisite. Ami akawaonyesha watoto, akawaambia pale hapavuliwi hata dagaa. Ni hifadhi ya taifa tangu miaka ya sabini, na jirani yake Mpunguti huruhusiwa uvuvi wa kiasili tu. Pomboo walitokea, wakafuatana nasi kidogo, wakatuacha. Mbele zaidi rangi ya maji ilibadilika mara moja, kutoka kijani kuwa buluu nzito, na ami akapunguza mwendo.

Uvuvi wenyewe ni wa kurambaza, yaani chombo kikienda huku mishipi ikiburutwa nyuma yake. Fimbo nne zilisimamishwa katika vishikizo, kila moja na gurudumu lake la kukunjia mshipi, na miti miwili mirefu ikatandazwa ubavuni ili mishipi isisongamane. Chambo ni cha bandia, umbo la ngisi, chenye rangi za kumetameta. Kisha hungojwa. Mvulana, aliyezoea minyoo na kambare wa Nzoia, alidharau kidogo: akasema samaki gani mjinga atakula plastiki. Ami akamwambia atazame ndege. Walikuwapo membe kundi zima, wakijitupa majini mahali pamoja. Tulipopita ukingoni mwao gurudumu moja lilipiga ukelele, na tangu hapo hakuna aliyemsikia mwenzake kwa muda wa robo saa. Walipatikana jodari wawili wadogo na, kitambo baadaye, nguru aliyewazidi wote, mrefu kama mkono wa mtu mzima.

Ami alimpiga nguru rungu kichwani, akatulia. Binti akatugeukia akauliza, "Maalim, mbona hakumchinja?" Ni suali zuri kwa mtoto aliyelelewa penye kuku na mbuzi. Tukamweleza kwamba mnyama wa nchi kavu hahalaliki ila kwa kuchinjwa, bali samaki Mola amempa hukumu yake: Suratul Maida, aya ya 96, imehalalisha mawindo ya bahari hata kwa aliyehirimia Hija, na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipoulizwa juu ya bahari alifahamisha kwamba maji yake hutwaharisha na mfu wake ni halali. Rungu ni kwa ajili ya kumpunguzia maumivu tu.

Suali gumu zaidi lilikuja karibu na saa nne. Fimbo ya kushoto iliinama mpaka tukadhani itavunjika, na nyuma yetu, mbali, akaruka nduwaro, mwenye mdomo kama sindano na pezi la mgongoni kama tanga. Aliruka mara tano. Ami alimfunga mvulana mshipi wa ngozi kiunoni, akamweka mbele ya fimbo, akasimama nyuma yake asimguse. Kijana alivuta, akaachia, akavuta. Mama yake, aliyekuwa amelala sakafuni kwa kichefuchefu, aliinuka akashika ukingo na kuanza kumsomea dua kwa sauti. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Alipoletwa ubavuni, urefu wake ulimpita kijana, na rangi zake za zambarau zilikuwa zikififia na kurudi kama taa.

Kijana alitaka aingizwe chomboni. Ami kwa desturi huwarudisha: hata katika boti yake mna vijalebo vyenye nambari, hupachikwa mgongoni mwa samaki kwa ncha ndogo, na akivuliwa tena kwingine, taarifa hupelekwa kwa African Billfish Foundation kule Watamu, ili ijulikane amekwenda wapi na amekua kiasi gani. Lakini siku hiyo hakuamua. Alitutazama sisi. "Maalim, wewe wasemaje? Samaki ni wa yatima."

Wanavyuoni wamekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Ibn Umar aliwapitia vijana waliomfunga kuku na kumtupia mishale, akawakemea. Anayeshika samaki kumi ili apigwe picha nao, kisha akawarudisha majini wakivuja damu, hatusemi moja kwa moja kwamba ametenda haramu, maana wenye elimu wana maneno humo, lakini sisi hatuupendi mchezo huo na hatutauficha uso wetu kwa mwenye boti wala mtalii. Anayevua ale, au auze, huyo amefanya kazi. Kumrudisha aliye hai kwa kijalebo chenye faida ya elimu, nalo lina njia. Basi tukamuuliza ami: usiku huu kisomo cha marehemu kitakuwa na watu wangapi? Akasema 40. Nguru na jodari watatosha? Akasema watatosha na kubaki. Kuna barafu ya kumweka huyu? Hakuna. Tukasema, arudishwe.

Kijana alilia, wala hatukumwambia anyamaze. Ami alimpa yeye mwenyewe ile fimbo ya kijalebo, akamwonyesha pa kuchoma, kisha akamshika nduwaro mdomo na kumtembeza majini taratibu hadi alipopata nguvu. Alikwenda chini bila haraka. Nambari ya kijalebo kijana aliiandika nyuma ya daftari lake la fiqhi.

Tulirudi kabla ya adhuhuri. Kibla cha huko ni rahisi kukikumbuka, kaskazini karibu sawasawa, tofauti na Kakamega ambako tunapinda kidogo kuelekea mashariki. Nasi kwa kuwa wasafiri wa siku mbili tu tuliswali kwa kupunguza na kukusanya.

Baada ya kisomo, wageni walipoondoka, ami alileta daftari la boti. Suratun Nisaa inaamrisha mashahidi wakati wa kuwakabidhi yatima mali yao, na tuliketi sisi, imamu wa msikiti, na wazee wawili. Miaka minne iliandikwa safari kwa safari: mafuta, ujira wa mabaharia, matengenezo, na kilichobaki kugawanywa nusu mbili. Nusu ya marehemu, baada ya kutolewa zile fedha za Ramadhani na Idi, ilikuwa benki. Kumbe futari ile ilikuwa yao wenyewe. Mjane alifunika uso kwa mtandio.

Tukagawa fungu hilo kwa mujibu wa aya ya 11 na ya 12 za sura hiyo hiyo. Marehemu ameacha mke, mama, mwana wa kiume na wa kike. Ndugu hapati kitu penye mwana wa kiume. Hufanywa mafungu 72: mke 9, mama 12, mvulana 34, msichana 17. Bibi kizee alipotajiwa 12 zake alicheka, akasema atafanyia nini boti na yeye haoni, akampa mjukuu wa kike zote. Tulimwuliza mara tatu, mbele ya mashahidi, kama ni kwa hiari yake. Mara ya tatu alikasirika. Basi binti akawa na 29.

Likabaki la kuuza au kutouza. Ami alikuwa tayari kununua kwa kulipa kidogo kidogo. Mjane alifikiri usiku kucha. Asubuhi, mbele ya wale wale, alisema fungu lisiuzwe mpaka watoto wabaleghe na kuwa na akili ya mali, hesabu ipelekwe kila baada ya miezi mitatu, na mwanawe aje kila Disemba kujifunza kazi, kwa sharti la jaketi okozi. Lile jaketi alilitaja mara mbili, na liliandikwa katika mkataba kifungu cha nne.

Hesabu ya kwanza ilifika Mumias kwa simu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, pamoja na ujumbe wa ami kwamba injini ya kulia inahitaji kubadilishwa, na je, wenye mali wanaridhia?