Mpira, filamu na safari wakati watu wako kambini

Ndugu wasikilizaji wa Kongolo mjini, na ninyi ndugu zetu mulio kwenye makambi ya wahamaji,

Munanijua kwa habari za usalama: barabara iliyofungwa, kijiji kilichohamwa, bei ya muhogo sokoni, siku ya kugawa chakula. Lakini mwisho wa juma ninaongea pia mpira, filamu na safari. Ni mambo ninayoyapenda tangu nilipokuwa sekondari. Hivi karibuni baba mmoja alinitumia ujumbe: "Mwanangu, sisi tunalala chini ya turubai, na wewe unatuambia habari za goli. Huoni haya?" Ni neno la mzazi. Linastahili jibu refu kuliko ujumbe wa simu.

Tuanze na mpira. Mwezi wa pili 2024, Leopards wetu walifika nusu fainali ya Kombe la Afrika. Walikuwa wamewatoa Misri kwa penalti, na kipa Lionel Mpasi mwenyewe ndiye aliyefunga ile ya mwisho. Kisha waliwapiga Guinea 3-1. Tarehe 7, kule Abidjan, wakati wimbo wa taifa unapigwa, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki. Maana yake: mashariki ya Kongo watu wanauawa na dunia imenyamaza.

Tulifungwa na Côte d'Ivoire 1-0. Lakini kambini wengi hawana televizyo, kwa hiyo ile alama ilibidi niwaeleze kwa maneno: mkono uko wapi, vidole viko wapi. Mama mmoja aliniomba nirudie mara tatu, kisha akasema: "Kumbe watoto wale wanatujua." Mimi nimesoma matangazo mengi juu ya wahamaji, yenye hesabu na mihuri. Sikumbuki tangazo lililomfanya mtu aseme hivyo.

Na furaha ya bure nayo ina kazi yake. Mwaka 2010 TP Mazembe ya Lubumbashi iliipiga Internacional ya Brazili 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Inter ya Milano ilitufunga 3-0, ni kweli. Lakini kipa Kidiaba alivyokuwa akirukaruka kwa matako uwanjani, hiyo haijafutika. Leo kambini utaona watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wanaruka vilevile kwenye vumbi, kwa mpira wa mifuko na kamba.

Filamu nazo ninazisimulia kwa mdomo, nusu juma hili, nusu juma lijalo. Wengi wenu munamkumbuka marehemu Steven Kanumba wa Tanzania, aliyefariki mwezi wa nne 2012 akiwa na miaka 28. Tulimpenda kwa sababu alilia na kugombana kwa Kiswahili, bila mtafsiri. Lakini filamu iliyoniletea ujumbe mwingi zaidi ni ya kwetu: La Vie est belle ya mwaka 1987, ya Ngangura Mweze na Benoît Lamy, ambamo Papa Wemba ni Kourou, mwanamuziki anayetoka kijijini kwenda Kinshasa na kuishia kuwa boyi nyumbani kwa tajiri. Dada mmoja anayefua nguo za watu hapa mjini alinipigia: "Kourou ni mimi." Kijijini kwao alikuwa na shamba lake la karanga. Hapa watu wanamwita "mhamaji" tu. Filamu ilimkumbusha kwamba mtu anaweza kufanya kazi ya boyi na bado akawa na kipaji chake ndani.

Filamu za bunduki sisimulii. Watoto wetu wameshasikia bunduki zenyewe.

Safari ndiyo ngumu zaidi, maana kwa wengi wenu safari ya mwisho ilikuwa kukimbia usiku, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Lakini mimi ni mtu wa Lualaba, na siwezi kuacha kuieleza. Hapa chini ya mji wetu mto unabanwa na mawe mahali panapoitwa Milango ya Jehanamu. Mashua haipiti. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya Kongolo hadi Kindu, iliyomalizika mwaka 1910, na mji wetu ukakua mahali ambapo mizigo iliacha mto na kupanda treni. Baadaye, 1915, reli ya Kabalo ilifika ziwani Kalemie.

Nilipoeleza hayo, mzee mmoja kutoka upande wa Mbulula alikuja kunitafuta. Aliniambia: "Jina la kijiji chetu ninalisikia kwenye radio siku kinapochomwa tu. Siku moja kitaje kwa sababu ya maembe yake." Nilikitaja. Nilieleza miembe, kiwanja cha mpira, na kivuko wanapokogea watoto. Wahamaji wenzake walikaa wakirekebisha kila nilichosema: hapana, mwembe uko kushoto!

Basi, baba, jibu langu ni hili. Habari za usalama zitatangulia daima, na sitazikata hata dakika moja kwa ajili ya goli. Sitataja kamwe saa wala njia wanayopita wafanyabiashara, maana wanaovizia nao wana radio. Lakini kijiji kinachotajwa kwa vifo tu, watoto watakiogopa, na siku amani ikirudi hawatataka kukirudia. Ninataka wakijue kwa maembe yake pia.

Kwa hiyo ninaomba kwenu: nileteeni jina la mto, la soko, la timu ya kijiji chenu. Asiye na simu amtume mtoto. Jumamosi ijayo tutaanza na viwanja vya mpira vya upande wa Sola. Wazee munaovikumbuka, mujitayarishe kunirekebisha.