Pedi ya PS4, Laptopu ya Mama

Laptopu hii ilinunuliwa kwa bonasi ya chai. Mama alinipeleka Sotik mjini, akahesabu noti mara mbili, akamkabidhi mwenye duka bila kusema neno. Ilikuwa ya kusomea chuo.

Sasa iko kwenye meza ya sebuleni, na mdogo wangu ameshika pedi ya PS4. "Bro, mbona haisomi?"

Pedi yenyewe nilipewa na jamaa niliyeishi naye hosteli. PS4 yake iliungua stima iliporudi kwa nguvu, ikabaki pedi tu.

Kwanza nilibadilisha waya. Kuna zile za kuchaji tu. Pedi inawaka taa na kompyuta haina habari. Kama huna waya, finya kitufe cha Share pamoja na cha PS, ushikilie hadi taa ipepese haraka, halafu uitafute kwenye Bluetooth.

Hapo kompyuta ikaiona, lakini gemu ikakataa. Gemu nyingi za Windows hutarajia pedi ya Xbox, kwa kuwa Windows na Xbox zote ni za Microsoft. Hii ni ya Sony. Dawa ni programu ya bure, DS4Windows. Inakaa katikati: unafinya kitufe cha Sony, gemu inaambiwa ni Xbox.

"Kwa hivyo inadanganya?" mdogo wangu akauliza.

"Kidogo tu."

Mama alikuwa mlangoni akivua gambuti, ametoka kupeleka majani kituoni. "Likizo yenu imekuwa ndefu," akasema, akapita jikoni.

Nilikuwa nimeacha chuo miezi mitano iliyopita. Tulicheza mechi moja, nikafungwa tatu bila. Sikuwa naona mpira. Nikainuka, nikamfuata.

"Mama, sirudi chuo."

Alikoroga chai muda mrefu. "Na laptopu?"

Nikamwambia naandikia watu makala. Nikamwonyesha meseji za M-Pesa. Pesa zenyewe ni kidogo, lakini alizisoma zote, moja baada ya nyingine.

"Ungeniambia mapema," akasema. "Hiyo mashine niliichuma jani kwa jani."

Sikuwa na jibu. Kutoka sebuleni tukasikia, "Bro! Imejitoa tena!"

Mama akanisukumia kikombe. "Enda umrekebishie. Halafu urudi hapa, hatujamaliza."