Mamangu Nusura Auze Shamba kwa Sababu ya Picha ya Jengo

Kuna picha moja kwenye simu yangu ambayo nimeshindwa kuifuta. Ni ya jengo la mawe, lina mnara katikati, na nyasi za mbele zimekatwa vizuri utadhani ni uwanja wa gofu. Nilitumiwa na ajenti mmoja wa kupeleka vijana kusoma ng'ambo, miezi michache baada ya matokeo yangu ya kidato cha nne kutoka. Chini yake aliandika, "Hapa ndipo utakuwa unasomea." Mathe aliitazama ile picha kitambo, akanirudishia simu, akasema tu, "Basi tutatafuta."

Sasa nyinyi mnajua mzazi wa Kenya akisema "tutatafuta" anamaanisha nini. Anamaanisha kuna kitu kitauzwa.

Chuo chenyewe ni Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Na niseme mapema ndio nisieleweke vibaya: si chuo bandia, wala hakikunikosea chochote. Ni chuo cha umma, kikubwa, cha kuheshimika. Barua ya kukubaliwa nilipata, tena ya ukweli. Shida ni kwamba mimi na mathe tulikuwa tunapenda picha, chuo chenyewe hatukukijua. Na naona vijana wengi wanaingia mtego huo huo kila mwaka, kwa hivyo wacha niwaambie nilichojifunza baadaye, usiku, nikiwa na bando ya shilingi ishirini na hasira nyingi.

Kitu cha kwanza: barua yangu ilisema Scarborough. Nikadhani ni jina la mtaa karibu na lile jengo. Wapi! Chuo Kikuu cha Toronto kina kampasi tatu. Ile ya zamani, St. George, iko katikati ya jiji, na ndiyo yenye majengo ya mawe ambayo kila ajenti anayatuma. Kisha kuna Mississauga upande wa magharibi na Scarborough upande wa mashariki, na kila moja iko takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Yaani ni kama uoneshwe picha ya KICC halafu ushukishwe Thika.

Sisemi Scarborough ni mbaya. Nilipoanza kuisoma nikapata ina hadithi tamu kuliko ile ya mnara. Ilianzishwa 1964, wakati watoto waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wanafika umri wa chuo na nafasi zilikuwa hazitoshi. Msanifu mmoja kutoka Australia, John Andrews, akachora jengo refu la saruji tupu linalofuata ukingo wa bonde, ndani lina njia ndefu kama barabara ya kijiji, ili mwanafunzi aende darasani bila kukanyaga theluji. Wazo lao lilikuwa masomo mengi yafundishwe kwa televisheni. Eti mhadhiri mmoja arekodiwe, wanafunzi mamia wamtazame kwenye skrini. Miaka ya sitini hiyo! Haikudumu, wanafunzi wakachoka kufundishwa na sanduku. Sisi tuliosoma kwa simu wakati wa korona tungewaambia mapema.

Mississauga nayo ilipokea wanafunzi wa kwanza 1967, kama Chuo cha Erindale, mahali penye msitu ambapo mpaka leo swala wa kule hupita karibu na madarasa. Ukijumlisha kampasi zote tatu, wanafunzi wamepita 90,000. Huo ni mji mzima.

Lakini wacha nirudi kwa lile jengo la picha, kwa sababu ndilo lililotaka kula shamba letu.

Linaitwa University College na lilikamilika 1859. Kilichonishangaza ni kwamba halikuwa la kwanza. Chuo kilianza kwa hati ya mfalme wa Uingereza, George wa Nne, tarehe 15 Machi 1827. Wakati huo hata jiji halikuwa linaitwa Toronto, lilikuwa linaitwa York, mji mdogo wa matope. Chuo nacho kiliitwa King's College, na aliyekipigania ni kasisi wa Kianglikana, John Strachan. Hati ikaja, lakini chuo hakikuja. Miaka ikapita watu wakizozana kama chuo cha pesa za umma kinaweza kuwa cha dhehebu moja. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1843. Hesabu mwenyewe: miaka 16 ya kuwa na karatasi bila darasa. Kwani si tunajua hiyo stori hapa kwetu?

Mwaka 1849 wanasiasa wakakitoa mikononi mwa kanisa na kukiita Chuo Kikuu cha Toronto. Strachan alikasirika kabisa, akaenda kuanzisha chuo kingine, Trinity. Na miaka mingi baadaye, 1904, hicho Trinity kikaungana tena na kile kile alichokikimbia. Lile jengo la kwanza la King's College nalo serikali ikalichukua, likafanywa hospitali ya wanawake wagonjwa wa akili, mwishowe likabomolewa 1886. Leo bunge la jimbo la Ontario liko eneo hilo.

Na mnara wa picha yangu? Tarehe 14 Februari 1890 jengo lilikuwa linaandaliwa kwa sherehe ya jioni. Wafanyakazi wakibeba taa za mafuta ya taa kwa trei, zikaanguka kwenye ngazi, moto ukashika. Maktaba yote ikaenda, maelfu ya vitabu. Walijenga upya. Kwa hivyo hata hicho kitu tunachokiona kama kimekuwepo tangu dunia iumbwe, sehemu kubwa ni ukarabati.

Wanawake waliruhusiwa kuingia madarasani 1884, baada ya kubishana sana. Kwa upande wa watu weusi, kuna jina moja nililiandika kwa daftari: Alexander Augusta. Alizaliwa Marekani, na shule za udaktari za kwao hazikumtaka kwa sababu ya rangi. Akavuka mpaka, akahitimu udaktari Trinity pale Toronto. Baadaye akawa daktari wa jeshi la Marekani mwenye cheo cha meja. Huyo ndiye aliyenifanya nielewe kwamba kwenda mbali kusoma si ujinga. Wengine mlango wa nyumbani umefungwa kweli kweli.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Sikia hii. Mwaka 1805 serikali ya Kiingereza ilichukua eneo la Toronto kutoka kwa Wamississauga, ekari zaidi ya 250,000, kwa shilingi 10. Shilingi kumi! Mzozo wake ulikuja kumalizwa 2010, serikali ya Kanada ikalipa dola milioni 145 za huko. Siku hizi chuo kinakiri wazi kwamba kimekaa kwenye ardhi ya Wahuron-Wendat, Waseneca na Wamississauga. Nilisoma hayo nikiwa nimekaa kwa kiti cha plastiki, mathe ndani akiongea kwa simu na mtu wa kununua shamba. Robo ekari Ol Kalou. Nikahisi kitu kikinikaba hapa kooni. Sisi watu wa kuuza ardhi kwa haraka ili tuingie kwa ndoto ya mtu mwingine, hatujaanza leo.

Sasa hesabu. Karo ya mwanafunzi wa kigeni kwa digrii ya kawaida pale ni karibu dola 60,000 za Kanada kwa mwaka. Weka kwa shilingi, inapita milioni tano. Mwaka mmoja. Na kuanzia Januari 2024 Kanada iliongeza pesa za matumizi ambazo lazima uonyeshe unazo kabla ya kupewa kibali cha masomo, kutoka dola 10,000 hadi 20,635, hiyo ni nje ya karo na tiketi. Tena mwaka huo huo wakaweka kikomo cha vibali vya wanafunzi wa kigeni. Ajenti alijua haya yote. Alichokuwa anasema ni, "Lipa kwanza ada yangu, hayo mengine yatajipanga." Alikuwa ameshakula elfu arobaini na tano zetu. Shamba lote la Ol Kalou, hata tukipata mnunuzi mzuri, lisingemaliza muhula mmoja.

Nilingoja mathe amalize simu. Nikamwambia, "Mum, usiuze."

Hakunielewa. Alidhani nimeogopa baridi. Yeye ni fundi wa nguo, amekanyaga cherehani miaka ishirini ili mimi nisikanyage. Kwake kukataa ile barua ilikuwa kama kumrudishia jasho lake usoni. Hatukuongea vizuri wiki mbili. Aliyetupatanisha ni shosho, tena bila kujua.

Shosho ana kisukari. Anajidunga insulini asubuhi na jioni, na kwa sababu hana friji anaweka chupa ndani ya chungu chenye mchanga na maji, mahali pa kivuli. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea dawa. Nikamwambia, "Shosho, hii dawa yako ilitoka kwa kile chuo nilikuwa niende." Na ni ukweli. Mwaka 1921 daktari kijana, Frederick Banting, alipewa chumba na Profesa John Macleod pale Chuo Kikuu cha Toronto, akasaidiwa na mwanafunzi, Charles Best. Kisha James Collip akaja kuisafisha dawa. Januari 1922 ikadungwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa anaishia kitandani hospitalini. Sindano ya kwanza haikufanya vizuri. Ya pili, baada ya Collip kuisafisha, ikamrudishia uhai. Mwaka uliofuata Banting na Macleod wakapata Tuzo ya Nobel. Na haki ya ugunduzi? Banting, Best na Collip waliiuzia chuo kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isiwe ya matajiri.

Shosho akauliza, "Dola moja ni pesa ngapi?" Nikamwambia si hata mia mbili. Akaangalia chupa yake, ile anayonunua kwa bei tunayoijua sote, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamgeukia mathe: "Kama dawa yao ilinifikia hapa bila mimi kuuza shamba, huyu mtoto pia atafika mahali."

Mathe hakujibu. Lakini yule mnunuzi hakupigiwa tena.

Leo niko mwaka wa pili katika chuo cha umma hapa hapa. Maji hupotea, wahadhiri hugoma, na nina rafiki ambaye hajaona mkopo wake tangu Oktoba. Sitawadanganya kwamba ni sawa tu. Kuna siku nikiona mtu ameposti theluji roho inaniuma. Lakini pia nimeacha kuamini kwamba wenzetu walizaliwa na minara. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kama chuo cha ufundi, nacho kwa hati ya kifalme vilevile, kikapokea wanafunzi 1956 na kuwa chuo kikuu kamili 1970. Toronto katika umri huo wa nusu karne na kidogo, ukihesabu tangu hati yake, kilikuwa bado kinabishana kama wasichana wanaweza kukaa darasani.

Msimamo wangu basi ni huu. Kama unataka kwenda, nenda. Vassanji, mwandishi aliyezaliwa hapa Nairobi na kukulia Dar, alifika pale Toronto 1980 kufanya kazi ya fizikia, na akatokea na riwaya. Mimi mwenyewe nikipata udhamini kesho, nitakuwa uwanja wa ndege kabla hamjamaliza kusoma hii. Na udhamini upo: ule wa Lester B. Pearson pale pale Toronto hulipa karo, vitabu na malazi miaka minne, kwa wanafunzi takriban 37 kwa mwaka. Ila unateuliwa na shule yako ya upili ukiwa mwaka wa mwisho au umetoka tu. Ajenti wangu hakunitajia hata siku moja, kwa sababu hiyo haina ada yake. Nilipoujua muda wangu ulikuwa umepita. Wewe uliye kidato cha nne sasa hivi, kesho asubuhi nenda kwa mwalimu mkuu.

Na kabla mtu yeyote hajauza kitu nyumbani, uliza maswali matatu. Barua inasema kampasi gani? Mwaka wa kwanza ni pesa ngapi kwa jumla, na wa pili zitatoka wapi? Na huyu anayenitumia picha analipwa na nani?

Ile picha bado iko kwa simu. Juzi mathe aliiona tena nikimwonyesha kitu kingine, akauliza, "Ni ile shule?" Nikasema ndiyo. Akaisogeza karibu na macho, kama anavyoangalia mshono wa mtu mwingine. "Ni nzuri," akasema. "Lakini mahindi ya mwaka huu pia ni mazuri."