Kosa Halijifanyi

Mwaka jana nilipuliza firimbi katika mchuano wa mpira wa miguu kati ya promosyo mbili za kitivo chetu. Zikiwa zimebaki dakika chache, nilikataa bao nikisema mfungaji alikuwa ameotea. Jioni mwenzetu mmoja alituonyesha video katika simu yake: hakuwa ameotea. Kesho yake kijana yule alinijia. Nilimjibu, "Kosa lilifanyika, mdogo wangu." Akaniangalia, akauliza: "Ilijifanya yenyewe, yaya?" Nilikosa jibu.

Swali lake lilinirudia katika somo la pragmatiki, tulipofika kwa J. L. Austin. Mwanafalsafa huyo Mwingereza aliziweka hukumu za mahakamani na za mwamuzi wa michezo katika kundi moja la matendo-uneni. Mwamuzi anapotamka hukumu, haelezi tu alichokiona. Neno lake lenyewe linamtoa mchezaji au kumbakiza. Lakini neno hilo laweza kuachana na ukweli, na mfano ulio wazi kuliko yote niliupata katika besiboli ya Marekani.

Tarehe 2 mwezi wa sita 2010, mjini Detroit, Armando Galarraga, mrushaji kutoka Venezuela, aliichezea Detroit Tigers dhidi ya Cleveland. Alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Akimtoa wa 27, angekuwa amecheza mchezo kamilifu, jambo lililokuwa limehesabiwa mara 20 tu katika historia ya ligi kuu. Jason Donald akaupiga mpira ukabiringika chini. Miguel Cabrera akauokota, akamtupia Galarraga aliyekimbilia kituoni. Mpira ulifika kabla ya mkimbiaji. Mwamuzi Jim Joyce akanyoosha mikono kando: salama. Galarraga alitabasamu, akarudi mahali pake, akamtoa mpigaji aliyefuata.

Wakati ule video ilitumika tu kuchunguza mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja, basi hukumu ikabaki. Joyce alikwenda kuitazama video. Kisha aliwaambia waandishi wa habari kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemnyima kijana yule mchezo wake, akamwomba Galarraga radhi ana kwa ana. Siku iliyofuata Galarraga ndiye aliyempelekea uwanjani karatasi ya majina ya wachezaji. Joyce akafuta machozi mbele ya watazamaji. Kamishna Bud Selig hakuibadilisha hukumu. Tangu 2014 ligi inaruhusu hukumu kama ile ichunguzwe kwa video.

Mtu atasema: basi dawa ni video. Sipingi, ingempa Galarraga haki yake palepale. Lakini video hurekebisha hukumu tu, haiwezi kuwajibika kwa niaba ya aliyeitoa. Kuwajibika ni tendo-uneni la pili, na lina sharti la kisarufi: lazima mtendaji atajwe. Tunasema "kosa limefanywa na mwamuzi", lakini hatusemi "kosa limefanyika na mwamuzi". Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtendaji. Hiyo si kasoro ya lugha yetu. "Kikombe kimevunjika" ni sentensi halali, na mara nyingi ni ya kweli, kwa kuwa hatujui aliyekivunja. Shida huanza pale msemaji anapojua. Ofisini utaambiwa faili imepotea, alama zimechanganyika, tarehe imebadilika. Na anayekuambia ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati.

Mimi nilijua nani alipuliza firimbi. Nilichagua "lilifanyika" kwa sababu ilinificha, tena mbele ya mtu anayesoma sarufi ileile ninayoisoma. Joyce, mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini, na nchi nzima ikimtazama, alianza sentensi yake na "mimi".

Juma lililofuata nilimtafuta kijana yule, nikampata ngazini. Nikamwambia: "Nilikosea. Mimi ndiye niliyekunyima bao lako." Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa nimesikia, yaya. Lakini tulishindwa."

Ni kweli, walishindwa, na matokeo yale yamebaki hivyo. Sikuwa na neno la kuyabadilisha. Nilikuwa na neno moja tu nililokuwa na deni nalo, na nililichelewesha siku saba.