Baada ya Vyeti Kugawiwa

Maisha yangu ya kazi yamepita katika kufundisha watu wazima ambao shughuli yao ni watoto na familia: maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, walezi wa makao ya watoto, na wale wahudumu wa kujitolea wa mitaa na vijiji ambao ndio hugongewa mlango usiku mtoto anapopigwa. Mkufunzi hula kwa mafunzo yake, kwa hiyo hatazamiwi kuwa mtu wa kwanza kusema kwamba mafunzo, kwa sura tuliyoyazoea, hayafikishi pale tunapoahidi. Nalisema bila kinyongo, na wala sidai semina zifutwe. Ninalodai ni kwamba semina ya siku tano humpa mtu maarifa, na anayekutana na mtoto aliyedhurika hutumia mazoea yake kabla hajayakumbuka maarifa yake. Mazoea hujengwa kazini, akiwapo jirani mtu aliyeitangulia njia hiyo, anayesoma ulichoandika na kusikiliza ulivyouliza. Gereji yoyote inalijua hili: kijana hakabidhiwi spana kwa sababu ameeleweshwa injini ubaoni. Sisi tunaoshughulika na watoto ndio tumekubali kuishia ubaoni.

Hatukufika hapo kwa uzembe wa mtu. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, pale Kijitonyama, Dar es Salaam, ilianzishwa mwaka 1973, na wengi wa wanataaluma wetu wamepita mikononi mwake. Kisha mambo yakaja kwa kufuatana. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 ilikusanya mahali pamoja yaliyokuwa yametawanyika katika sheria za zamani, ikazibebesha serikali za mitaa jukumu la kulinda ustawi wa mtoto katika maeneo yao. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka huohuo na kutolewa hadharani 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Ukafuata MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza 2017/18. Na Desemba 2021 ikazinduliwa programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Kila waraka mpya ulihitaji watu wanaoujua, na njia ya haraka ya kuwajulisha watu mia jambo moja ni kuwaita ukumbini. Kwa kazi hiyo semina inafaa kabisa. Sheria haibahatishwi, wala utaratibu wa nani atoe taarifa kwa nani.

Shida huanza pale ukumbi uleule unapotumika kufundisha lisilofundishika kwa kuambiwa. Chukua kumhoji mtoto anayedhaniwa kufanyiwa ukatili. Kanuni yake ni fupi, na siku ya mwisho kila mshiriki huitaja bila kukosea: muache mtoto asimulie, usimtilie maneno mdomoni. “Nieleze kilichotokea, anzia mwanzo” ni swali jema. “Ni mjomba aliyekushika, eti?” ni swali baya, maana mtoto aliyelelewa kumwitikia mkubwa atasema ndiyo, na ndiyo hiyo haitakuwa na uzito mbele ya hakimu. Mtu mzima akielezwa hivyo anaelewa mara moja. Lakini akishakaa mbele ya mtoto aliyenyamaza, ndugu wamejazana mlangoni na gari la polisi linataka kuondoka, ulimi hurudi kwenye maswali ya ndiyo na hapana. Jambo hili limepimwa. Michael Lamb na wenzake, waliotumia miaka mingi kutafiti mahojiano ya watoto, waliwafuatilia wahojaji wazoefu waliofunzwa kwa kina, huku mahojiano yao yakisomwa na wao kurudishiwa maoni mara kwa mara. Maswali ya wazi yaliongezeka, na aliyoyasema mtoto kwa kinywa chake yakaongezeka. Usimamizi ule ulipokoma, ubora ulishuka katika muda wa miezi tu. Matokeo hayo yalichapishwa 2002. Watu walikuwa walewale na mwongozo ulikuwa uleule mezani. Aliyeondoka ni mtu wa kusoma nakala ya mahojiano na kusema: hapa ulimkatiza.

Atasema mtu kwamba hayo ni ya nchi zenye vinasa sauti na bajeti. Basi tutazame kwa wanaofanana nasi. Mwaka 2018 Alexander Rowe na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet Global Health mapitio ya tafiti nyingi kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, wakilinganisha njia za kuboresha utendaji wa wahudumu wa afya. Kugawa vijitabu na miongozo peke yake karibu hakukubadilisha kitu. Mafunzo peke yake yalileta nafuu ya kiasi. Mafunzo yaliyofuatwa na usimamizi yakaleta nafuu kubwa zaidi. Na kilichozidi vyote hivyo ni vikundi vya watumishi waliokaa pamoja kutatua matatizo ya kituo chao wenyewe. Wahudumu wa afya si maafisa ustawi, nakubali, ila wanaajiriwa na halmashauri zilezile na wanapanda bodaboda zilezile. Au tuende Kingston, Jamaika, ambako katika miaka ya 1980 wahudumu wa afya ya jamii walitembelea familia za watoto waliodumaa saa moja kila wiki kwa miaka 2, wakiwaonyesha akina mama namna ya kucheza na mtoto kwa vifaa vya kujitengenezea. Miaka 20 baadaye, kwa mujibu wa jarida la Science la mwaka 2014, watoto wale walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Takwimu hiyo hunukuliwa sana kumbini. Kinachoachwa ni kwamba wahudumu wale walisimamiwa kwa karibu muda wote wa kazi.

Usimamizi ninaouzungumzia si jambo kubwa, na mahali pake pazuri pa kuanzia ni jalada la shauri. Majalada ya mashauri ya watoto yamejaa sentensi moja: “Familia imepewa ushauri nasaha.” Ni sentensi safi kisarufi, na haisemi lolote. Nani alipewa, baba au bibi? Aliambiwa nini, akajibu nini? Aliyeandika hivyo mara nyingi alifanya kazi ya maana siku hiyo, kisha akaifukia mwenyewe kwa kalamu yake. Msimamizi anayekaa naye nusu saa, jalada likiwa wazi kati yao, humuuliza maswali hayo moja baada ya jingine, na safari inayofuata jalada husomeka tofauti: mama atampeleka mtoto kliniki Jumanne, baba amekubali kutunza kadi, nitapita Alhamisi kuona kama vidonda vya mguuni vimekauka. Sentensi ya pili ina tarehe, ina jina la kazi ya kila mtu, na inamlazimu mwandishi wake kurudi. Humohumo ndimo afisa hupata nafasi ya kusema kwamba shauri fulani linamnyima usingizi. Kumbini hatulisemi hilo, tunaimba na kupiga makofi ya kuchangamshana.

Pingamizi la kwanza ni la uhaba. Maafisa wenyewe hawatoshi, msimamizi atatoka wapi? Uhaba ni wa kweli, lakini hoja hii inahesabu upande mmoja tu. Semina nayo huwatoa maafisa kwenye vituo vyao kwa wiki nzima, tena wote kwa pamoja, na mashauri hayasubiri. Gharama ya ukumbi, chai, chakula cha mchana, nauli na posho ya kujikimu ya kundi moja ingelipa mafuta ya pikipiki ya msimamizi kwa muda mrefu. Isitoshe, msimamizi si lazima atoke makao makuu: maafisa wa kata tatu zinazopakana wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja na majalada mawili, wakasomeana. Mapitio ya Rowe yanaelekea hukohuko.

La pili hutajwa kwa sauti ya chini, nalo ni posho. Wapo wanaowacheka watumishi kwa kuifuata semina kwa sababu ya bahasha, mimi siwacheki. Kwa mhudumu wa kujitolea asiye na mshahara, posho ya semina huenda ndiyo malipo pekee atakayoyaona kwa mwaka. Lakini tunapomlipa kwa kukaa ukumbini na kutomlipa kwa kumfuata mtoto nyumbani, tunamfundisha kipi ni kazi. Fedha ileile ikilipwa kwa ziara iliyofanyika, haimpunguzii kitu.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba usimamizi kwetu hugeuka ukaguzi. Anakuja mkubwa na fomu, anatia alama ya vema, anasaini kitabu cha wageni, anauliza kwa nini taarifa ya robo mwaka imechelewa, anaondoka. Afisa aliyetembelewa hivyo hujifunza kuficha majalada mabaya. Siwezi kulijibu hili kwa kusema kwamba wasimamizi wafundishwe upole, maana hiyo nayo itakuwa semina nyingine. Jibu ni la mpangilio: anayesoma jalada kwa ajili ya kumsaidia mtu asiwe yuleyule anayempima ili apandishwe daraja. Palipo na mkuu mmoja tu wa idara, wilaya jirani zibadilishane wasomaji. Makosa yatakayohatarisha mtoto yatafika kwa mkuu, hilo halina mjadala. Mengine yabaki kati ya wawili.

Wanaobaki ni wafadhili na wapangaji wa bajeti, nao wana hoja yao: idadi ya waliofunzwa inahesabika na inaingia kwenye taarifa, mazungumzo juu ya jalada hayahesabiki. Kwa kweli yanahesabika. Kila robo mwaka, yatolewe majalada machache katika kila kata bila kuchagua, na yaangaliwe mambo matatu: kama imeandikwa tarehe ya kurudi, kama afisa alirudi, na kama mtoto mwenyewe aliulizwa kitu na jibu lake likaandikwa. Hazihitajiki zana za ajabu, karani anaweza kuifanya kazi hiyo asubuhi moja.