Mlingoti Ulipopanda Lori

Sisi ni ndugu watatu, na mwaka huu tumeona tuwaeleze kazi tuliyoifanya mwezi wa Julai: kuhamisha mashua ya marehemu babu yetu kutoka Tanga mpaka Bagamoyo kwa njia ya barabara.

Huenda mtu akauliza, kwa nini chombo kipande lori na bahari ipo? Jibu ni upepo. Julai ni wakati wa kusi, na Bagamoyo iko kusini ya Tanga. Mashua ndogo ingekwenda na pepo za mbisho safari nzima. Kungoja kaskazi ya mwisho wa mwaka haikuwezekana, kwani bibi na watoto walio chini yake walikuwa wakingojea riziki. Babu hakuacha shamba wala duka. Aliacha mashua ya mita 6, mlingoti wa mita 5, foromali na tanga moja. Mlingoti ukivunjika njiani, fedha ya kununua mwingine haikuwepo.

Ami yetu, ambaye ni nahodha, alitugawia kazi. Ya kwanza ilikuwa tanga. Tulilifungua kutoka kwenye foromali, tukalisuuza kwa maji baridi ya kisima ili kutoa chumvi, kisha tukalianika mpaka likakauka kabisa. Tanga likikunjwa na unyevu huota ukungu na kuoza.

Baada ya hapo tukaja kwenye kamba. Ami alikataa zitupwe pamoja ndani ya gunia. Henza, jarari na demani kila moja ilizungushwa peke yake na kufungwa uzi wa rangi yake. Gofia zilitiwa katika mfuko mmoja, baada ya kutazamwa kama magurudumu yake yanazunguka. Alituambia kwamba anayefungua bila alama hujitafutia kazi mara mbili.

Foromali ilikuwa ya miti miwili iliyounganishwa kwa kamba. Kabla ya kuifungua tulipiga mstari wa rangi mahali miti inapopandana, ili huko tuendako irudi kwenye urefu ule ule. Ikifupika au ikirefuka, tanga haliwezi kukaa sawa.

Kuung'oa mlingoti ndiyo ilikuwa kazi nzito. Tulitazama juu kwanza kama hakuna nyaya za umeme. Kisha wawili walishika kamba za mbele na wawili za nyuma, ami akatoa kabari na kufungua kamba zilizoushikilia kwenye fundo. Kwa bismillahi moja tuliunyanyua kutoka kwenye mwashiri, tukaulaza polepole. Tuliukagua wote kwa mkono kutafuta nyufa, tukaupaka sifa.

Hapo utingo wa lori akaanza kutuharakisha. "Tupieni tu juu, twendeni!" Ami akamjibu kwa upole, "Mwanangu, huu ni mali ya mayatima." Tukaendelea. Mlingoti tuliulaza ndani ya mashua, juu ya magunia ya makumbi mahali patatu, ili usining'inie katikati. Tuliufunga kwenye mashua yenyewe, si kwenye lori, kwa sababu lori hutikisika kivyake na chombo kivyake, na kitu kilichofungwa kotekote huvutwa kotekote. Tezi ilizidi kidogo nyuma ya lori, tukafunga kitambaa chekundu.

Tulisimama Muheza kukagua kamba, tukakuta zote zimekaza. Karibu na Segera ikanyesha mvua. Tuliposimama tena, kamba za nailoni zilikuwa zimelegea, kwani nailoni ikilowa hunyooka. Zile za katani zilikuwa zimekaza zaidi, lakini ami alituonya kuwa zikikauka zitalegea. Tukafunga upya zote, na tulipofika Msata tukakagua mara nyingine.

Bagamoyo tulifika jioni, na alhamdulillahi mlingoti haukuwa na mkwaruzo. Mbao za mashua zilikuwa zimekauka kwa jua na upepo wa njiani, kwa hiyo tuliimwagia maji, fundi akatia kalafati palipohitaji. Siku ya nne tulisimamisha mlingoti. Kila uzi ulituonyesha kamba yake, na ule mstari wa rangi ulikutana sawasawa. Wiki hiyo hiyo bibi aliletewa samaki wa kwanza, akagawa na kwa majirani.

Wanafunzi wenzetu, tulilojifunza ni kwamba amana hulindwa kwa mambo madogo: uzi, gunia la makumbi, na kusimama njiani hata kama wengine wana haraka. Nanyi mkikabidhiwa kitu cha watu, kifungeni vizuri, kisha mkitazame tena.