Mmefikia kwa Nani?

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Darajani, mjini Unguja, na cherehani ndiyo iliyotupatia mwenyeji Makunduchi. Mama mmoja wa huko alikuja kushonesha nguo za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa Nairuzi, akapungukiwa na pesa ya ufundi. Baba akamwambia asijali, atalipa siku nyingine. Yule mama akakataa kuondoka na deni. "Basi mwaka huu wageni wangu ni nyinyi, wewe na mkeo na watoto. Msiniache na sufuria peke yangu."

Makunduchi, mwenye nyumba asiyepata mgeni siku ya Mwaka huhesabiwa hana furaha. Sisi watoto tulidhani tunakwenda kutembea tu, kumbe kuna mtu anatuhitaji.

Tulipanda gari la shamba alfajiri, lile la bodi ya mbao, tukakalishwa juu ya magunia. Tunguu, kisha Jozani, tulikogombania upande wa kuwaona kima punju, kisha Kitogani na Muyuni. Tulifika nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Uwanjani kwenye sherehe hatukwenda kwanza. Tulikwenda kwa yule mama, bibi kwetu sisi watoto, tukampa shikamoo mmoja mmoja, tukanawa, tukala wali wa nazi kwa mchuzi wa pweza. Ndipo akatuongoza, na kila aliyekutana naye njiani alimwambia, "Wageni wangu hawa," kama anayeonyesha bangili mpya.

Wanaume wa kusini na wa kaskazini ya Makunduchi walicharazana kwa mashina ya migomba hadi vinyongo vya mwaka mzima vikaisha. Wanawake waliojipamba walizunguka uwanja na nyimbo zao za mafumbo. Kisha kibanda cha makuti kikatiwa moto, na aliyekuwamo akachomoka mbio. Mimi sikumwona akitoka, nikaangua kilio. Bibi akanifunika kwa kanga yake. "Kilichoungua mwaka wa jana, mjukuu wangu. Mtu katoka."

Tulikwenda hivyo miaka kadhaa. Baba alipofariki na cherehani ikauzwa, tukaacha. Ugomvi haukuwapo. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 tu, hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo kila miaka minne hurudi nyuma siku moja katika kalenda ya ukutani, na asiyehesabu hauoni ukisogea. Nasi tulisogea vivyo hivyo.

Julai iliyopita niliwapeleka wanangu na mama yao, kwa gari letu, juu ya lami, vioo vimefungwa. Tukaegesha pembeni ya uwanja. Migomba ilikuwapo, nyimbo zilikuwapo, na moshi ulipanda kama zamani. Watalii walikuwa wengi, nami nikasimama katikati yao, simu juu. Mwanangu mdogo aliponiuliza kwa nini watu wazima wanapigana, nikamwambia angoje nimalize kurekodi. Chakula cha mchana kilikuwa chipsi, tukala ndani ya gari.

Tulipokuwa tunaondoka, bibi mmoja akagonga kioo. Baada ya salamu akauliza, "Mmefikia kwa nani?"

"Tulikuja kutazama tu, bibi. Tunarudi mjini."

Akaziangalia zile chipsi mapajani mwa watoto. "Haya. Nendeni salama."

Mwenyeji wetu alikwisha kufa miaka mingi iliyopita, lakini wanawe na wajukuu wapo, na nyumba yao haikuwa mbali na pale nilipoegesha. Njia naijua. Nilichoogopa ni kuulizwa nilikuwa wapi siku zote hizo. Wanangu wamerudi na video nzuri ya moto, na hawajui mlango hata mmoja wa Makunduchi.

Wewe utakayekwenda mwaka huu, usiulize njia ya uwanjani. Utawafuata watu tu, utafika. Uliza ni nyumba gani haijapata mgeni.